Likizo fupi Karibi: Hati na majira kwanza, ufuo baadaye

WAKENYA wanaoishi mashariki mwa Marekani wana jambo moja ambalo jamaa zao wa Nairobi au Kisumu hawana: Bahari ya Karibi iko mlangoni mwao. Kutoka Miami hadi Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ni takriban kilomita 300, umbali ulio mfupi kuliko ule wa ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ndege huchukua muda wa saa moja hivi.

Haishangazi basi kwamba baridi ya Januari na Februari inapozidi, mwanafunzi aliyechoka na theluji au muuguzi aliyelimbikiza siku zake za mapumziko huanza kuwaza juu ya siku nne za jua, mchanga mweupe na maji ya kijani kibichi. Nauli huwa nafuu kwa anayekata tiketi mapema, na mambo yote huonekana rahisi kwenye tovuti za mashirika ya ndege.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego. Vingi vya visiwa hivyo ni nchi huru zenye serikali, sarafu na maafisa wao wa uhamiaji. Anayepanda ndege ya saa moja kwenda Nassau ameondoka Marekani sawasawa na aliyepanda ndege ya kurudi Nairobi. Kwa raia wa Marekani swali kuu ni hoteli gani achague. Kwa Mkenya anayeishi huko kwa visa, swali la kwanza ni iwapo ataruhusiwa kurejea masomoni au kazini Jumatatu. Kwake, kisiwa kinachofaa ni kile anachoweza kurudi kutoka kwacho.

Saa, wala si kilomita

Likizo ya siku nne hupimwa kwa saa. Ndani yake hutolewa saa za kusubiri uwanjani, foleni ya uhamiaji, kungojea mizigo na teksi ya kwenda hotelini. Safari yenye kubadilisha ndege njiani inaweza kumeza siku nzima wakati wa kwenda na nyingine wakati wa kurudi.

Kutoka Miami, ndege ya moja kwa moja hufika Montego Bay, Jamaica, kwa muda usiofika saa mbili. San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, ni zaidi kidogo ya saa mbili na nusu. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, uko mbali zaidi upande wa mashariki na safari yake inakaribia saa nne. Anayetoka New York hufika San Juan kwa takriban saa nne. Kwa hivyo mwenye usiku tatu tu anashauriwa kutazama Nassau, Montego Bay au San Juan, naye mwenye usiku tano au zaidi anaweza kuifikiria Barbados.

Majira ya saa nayo yasipuuzwe. Bahamas hubadilisha saa pamoja na New York. Puerto Rico na Barbados hazibadilishi: wakati wa baridi ziko mbele ya New York kwa saa moja, na wakati wa kiangazi zinalingana nayo. Jamaica haibadilishi vilevile, lakini yenyewe hulingana na New York wakati wa baridi na kuwa nyuma kwa saa moja wakati wa kiangazi. Msafiri asiyerekebisha saa yake anaweza kuikuta ndege imeshaondoka.

Hati za kurudi

Mkenya ambaye tayari ni raia wa Marekani huhitaji pasipoti yake ya Marekani. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ile iitwayo kadi ya kijani, huhitaji kadi hiyo ikiwa bado inatumika, pamoja na pasipoti ya Kenya kwa ajili ya nchi anayoitembelea.

Mambo hubadilika kwa wengine. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1 hana budi kuibeba fomu yake ya I-20 ikiwa na sahihi ya safari ya afisa wa chuo. Sahihi hiyo hutumika kwa mwaka mmoja kwa anayeendelea na masomo, na kwa miezi sita kwa aliyehitimu na kubaki akifanya kazi ya mafunzo. Sahihi ikikaribia kuisha, fomu ipelekwe katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya tiketi kulipiwa.

Ipo kanuni ya sheria za Marekani inayowafaa wanafunzi wengi, ingawa haijulikani sana. Mwenye visa ya F au J ambayo muda wake umekwisha anaweza kwenda Canada, Mexico au visiwa vya jirani kwa muda usiozidi siku 30, kisha akarejea bila visa mpya. Bahamas, Jamaica na Barbados zimo katika visiwa hivyo, Cuba haimo. Masharti ni kwamba awe hajavunja kanuni za ukaaji wake, rekodi yake ya kuingia ya I-94 iwe bado inatumika, na akiwa nje asiombe visa nyingine. Akiomba, hupoteza nafasi hiyo na hulazimika kungoja majibu akiwa ng'ambo.

Kwa wenye visa za kazi kama H-1B, kanuni hiyo huishia Canada na Mexico. Haiwafuati visiwani. Wao wahitaji visa ambayo bado inatumika. Aidha, wafanyakazi wa mashirika ya ndege si wote wanaoifahamu kanuni ya siku 30, na wapo wanaosita kumpandisha abiria mwenye visa iliyokwisha. Ni busara mwanafunzi abebe nakala ya maelezo rasmi ya serikali ya Marekani kuihusu.

Kundi lililo hatarini zaidi ni la wale ambao maombi yao yanashughulikiwa. Aliyeomba kadi ya kijani akiwa ndani ya Marekani, au aliyeomba hifadhi, akiondoka bila kibali maalumu cha safari kinachotolewa mapema, huhesabiwa kwa kawaida kuwa ameyatupa maombi yake. Siku nne za ufuoni zinaweza kumgharimu miaka ya kungoja na ada za mawakili. Mtu wa aina hiyo amwone wakili kwanza.

Wazazi waliotoka Kenya kuwatembelea watoto wao watazame visa zao vilevile. Visa ya kuingia mara moja imeshatumika siku walipotua. Wakitoka kwenda kisiwani, hawana ya kurudia. Nayo safari fupi ya visiwani isichukuliwe kuwa mbinu ya kujiongezea miezi ya kukaa Marekani.

Nassau ina utaratibu wake. Katika uwanja wa Lynden Pindling, maafisa wa Marekani huwakagua abiria kabla hawajapanda ndege, na ndege inapotua Miami abiria hutoka kama waliosafiri ndani ya nchi. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kumkubali au kumkataa msafiri hufanyiwa Nassau. Anayekwenda huko afike uwanjani mapema siku ya kurudi, yapata saa tatu kabla ya ndege kuondoka.

Hati za kuingia

Upande wa visiwa, pasipoti ya Kenya ina heshima yake. Bahamas, Jamaica na Barbados, ambazo ni wanachama wa Jumuiya ya Madola kama Kenya, haziitishi visa kwa Mkenya anayekwenda kwa matembezi mafupi. Maafisa huuliza tiketi ya kurudi, anwani ya mahali pa kulala na uthibitisho wa fedha za kutosha. Jamaica na Barbados zina fomu za kuingia ambazo hujazwa mtandaoni kabla ya safari. Kwa kuwa orodha za visa hubadilishwa mara kwa mara, msafiri athibitishe na ubalozi wa nchi husika au shirika la ndege kabla ya kulipa.

Anayetoka Kenya asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa na, tangu 2016, cheti chake hukubalika kwa maisha yote.

Kwa Mkenya aliye Nairobi safari hii haiwezi kuitwa fupi. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Hupitia miji kama London au New York, ambako Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja Oktoba 28, 2018. Kisiwa kisichohitaji visa hakimwondolei msafiri mzigo wa visa ya njiani. Marekani huitaka hata kwa abiria anayebadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani, na Uingereza nayo huwataka Wakenya wengi wawe na visa ya kupitia.

Kisiwa bila mpaka

Kwa yule ambaye hati zake hazimruhusu kutoka Marekani, Puerto Rico ndiyo jibu. Kisiwa hicho kilitoka mikononi mwa Uhispania na kuwa chini ya Marekani mnamo 1898, na watu wake walipewa uraia wa Marekani mnamo 1917. Ndege ya kutoka New York au Miami hadi San Juan huhesabiwa kuwa ya ndani. Hakuna visa, wala hakuna foleni ya uhamiaji ya kurudi. Msafiri huonyesha pasipoti yake ya Kenya, au kitambulisho cha jimbo kinachotimiza sheria ya Real ID ambayo ilianza kutekelezwa viwanjani Mei 7, 2025. Hata hivyo abebe hati zake zote za ukaaji, kwa kuwa maafisa wana mamlaka ya kuziuliza.

Visiwa vya Virgin vya Marekani, yaani Saint Thomas, Saint John na Saint Croix, visichanganywe na Puerto Rico. Ingawa ni milki ya Marekani, iliyonunuliwa kutoka Denmark mnamo 1917, abiria wanaotoka huko kwenda bara hupita mbele ya maafisa wa mipaka na kuulizwa uraia wao.

Siku nne hutosha San Juan. Uwanja wa ndege uko karibu sana na ufuo wa Isla Verde, kwa hivyo hata alasiri ya kufika haipotei. Siku ya pili yafaa mji mkongwe, wenye barabara za mawe na ngome ya El Morro iliyoanza kujengwa na Wahispania mnamo 1539. Ngome hiyo na kuta zake ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya Unesco mnamo 1983, na aliyewahi kuzuru Fort Jesus mjini Mombasa ataona mengi ya kulinganisha. Siku ya tatu ni ya msitu wa mvua wa El Yunque, au mji wa Loíza, ambako wazao wa Waafrika waliotiwa utumwani wamehifadhi ngoma ya bomba. Chakula mashuhuri ni mofongo, ndizi za kupika zilizokaangwa kisha zikapondwa kwa kitunguu saumu. Siku ya kurudi, mizigo hukaguliwa na maafisa wa kilimo, maana matunda na mimea mingi hairuhusiwi kupelekwa bara.

Majira ya vimbunga

Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, na kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba. Bei hushuka katika miezi hiyo, na sababu yake inajulikana. Septemba 2017, kimbunga Maria kiliikumba Puerto Rico na kuuangusha mtandao wake wa umeme. Septemba 2019, Dorian kiliharibu visiwa vya Abaco na Grand Bahama. Julai 2024, Beryl kilivunja mashua nyingi za wavuvi wa Barbados kabla ya kupita kusini mwa Jamaica. Oktoba 28, 2025, Melissa kiliipiga Jamaica upande wa magharibi kikiwa katika daraja la tano, lililo la juu kabisa.

Anayeelekea magharibi mwa Jamaica, hasa Negril na maeneo ya Montego Bay, aiulize hoteli yenyewe ni huduma zipi zimerejea, badala ya kutegemea picha za zamani. Anayesafiri wakati wowote katika msimu huo anunue bima ya safari siku anayolipia tiketi. Kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baada ya hapo kwa kawaida haikigusi.

Miezi ya Desemba hadi Aprili ndiyo mikavu na ndiyo ghali. Mwenye kutaka hali nzuri kwa bei ya wastani hutafuta majuma ya mwisho wa Aprili na Mei. Kuna kero nyingine ya msimu: mwani wa rangi ya kahawia uitwao sargassum, ambao tangu 2011 umekuwa ukisukumwa kwa wingi kwenye fuo zinazoelekea mashariki, hasa kuanzia machipuko hadi kiangazi. Fuo za magharibi huathiriwa kidogo.

Gharama zilizojificha

Bei inayotangazwa mara nyingi si bei inayolipwa. Mashirika ya ndege ya bei nafuu hutoza mkoba, kiti na hata kadi ya abiria inayochapishwa uwanjani. Hoteli nazo huongeza kodi, ada ya huduma na ada ya matumizi ya vifaa. Msafiri atake jumla ya mwisho kwa maandishi.

Puerto Rico hutumia dola ya Marekani. Dola ya Bahamas ni sawa na dola moja ya Marekani, na madukani zote mbili hupokewa. Lakini noti za Bahamas zitumiwe zote kabla ya kuondoka. Barbados imeifunga sarafu yake kwa dola mbili kwa moja ya Marekani. Dola ya Jamaica hupanda na kushuka. Ni muhimu kuuliza bei imetajwa kwa dola gani, na nauli ya teksi ikubaliwe kabla mlango haujafungwa.

Anayekodi gari atajihisi nyumbani Bahamas, Jamaica na Barbados, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto kama Kenya. Puerto Rico huendesha upande wa kulia.

Sheria na mawimbi

Nguo zenye madoadoa ya kijeshi zimekatazwa kwa raia nchini Jamaica na Barbados, hata kwa watoto. Kuhusu bangi, Jamaica ililegeza sheria yake mnamo 2015, na kupatikana na kiasi kisichozidi gramu 56 ni kosa dogo la faini. Sheria ya taifa ya Marekani haikulegezwa namna hiyo. Asiye raia anayerudi na bangi, au anayekiri mbele ya afisa wa mpaka kwamba aliivuta, anaweza kuzuiwa kuingia na kupoteza visa yake.

Bahari nayo ina kanuni zake. Waliozoea fuo za Diani au Watamu, zinazolindwa na miamba ya matumbawe, wasidhani kila ufuo ni hivyo. Pwani ya mashariki ya Barbados, kama pale Bathsheba, hupigwa na mawimbi ya Atlantiki yenye mikondo mikali. Pwani ya magharibi ndiyo tulivu na ndiyo ya kuogelea.

Kuna ladha zitakazomkumbusha Mkenya nyumbani. Shelisheli, tunda la miti ya Mombasa na Lamu, huliwa sana Jamaica, ambako lilipelekwa na nahodha William Bligh mnamo 1793 ili kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa. Bammy, mkate wa muhogo wa Jamaica, hauhitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Pwani.

Nchi mbili zitajwe kwa tahadhari. Haiti, ambayo wasomaji wa Kenya waliifahamu zaidi tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince Juni 2024, si mahali pa likizo, ingawa matatizo yake hayapaswi kuhesabiwa kuwa ya Karibi nzima. Cuba iko takriban kilomita 150 tu kutoka ncha ya Florida, lakini sheria za Marekani huwazuia wakazi wake, wakiwemo wageni, kwenda huko kwa utalii mtupu.

Ratiba ya maandalizi

Majuma manane kabla: msafiri akague muda wa pasipoti, visa, I-94 na I-20, na aulize chuo au wakili iwapo yuko huru kutoka.

Majuma sita kabla: achague kisiwa kulingana na majibu hayo, akate tiketi ya moja kwa moja, alipie hoteli inayorejesha fedha na anunue bima.

Majuma mawili kabla: ajaze fomu za kuingia, atafute cheti cha chanjo ikiwa anatoka Kenya, na aijulishe benki yake kwamba kadi itatumika ng'ambo.

Siku mbili kabla: atazame taarifa za Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichoko Miami, aweke nakala za hati mbali na hati zenyewe, na amwachie ndugu au rafiki nambari ya ndege na jina la hoteli.

Maandalizi haya huchukua jioni mbili au tatu. Kuenda mbio si kufika, na katika safari hii kufika hukamilika siku ambayo afisa wa mpaka anagonga muhuri na msafiri anarudi kwenye shughuli zake. Asiyeweza kuihakikisha siku hiyo bado ana San Juan, ambako bahari ni ileile na hakuna anayemuuliza ruhusa ya kurudi.